Pumzi ya Gaju

Juru, Nakivale, Uganda
Mwezi wa tisa, mvua zikianza

Kwako Baba yangu mpendwa, mzee Natanaeli,

Nakusalimu katika jina la Bwana aliyetufikisha siku ya leo. Habari za huko milimani? Magoti yako yanakubali bado kupanda mpaka malishoni? Na ng'ombe waliobaki, wanapata majani? Watu wanalala katika nyumba zao, au bado wanalala porini? Sisi hatujui kitu. Tangu mnara wa simu wa huko ulipokufa, ninapiga namba yako kila Jumamosi na sipati hata mlio.

Mimi ni mzima wa mwili. Mume wangu Gatete anakusalimu sana, na watoto wanasoma. Barua hii inaletwa na mwinjilisti Appolinaire, ambaye amepata njia ya kupita Uvira. Nimemwomba asikupe karatasi na kuondoka. Nimemwomba akae na wewe mpaka mwisho, na kama macho yako hayaoni vizuri akusomee yeye. Baba, kama hujaketi, keti kwanza. Nina habari mbaya. Lakini nikikupa mwisho wake bila mwanzo, utamchukia mtu ambaye sitaki umchukie. Kwa hiyo nivumilie, nianze na lori.

Unajua kwamba mimi na ndugu yangu Eliezeri tulinunua lori pamoja. Mimi nilitia faida yangu ya maharagi, yeye akatia jasho la miaka yote aliyoendesha magari ya watu. Ni lori la rangi nyekundu iliyoiva. Siku lilipofika Rubondo, sehemu nyingine ya kambi hii, nyumbani kwa Eliezeri, Mama alilizunguka polepole kama anavyozunguka ng'ombe wa mahari, akaligonga ubavuni, akaliita Gaju. Alisema lina rangi ya yule ng'ombe wako Gaju aliyebaki huko. Tangu siku hiyo hakuna mtu aliyeliita lori. Hata wakulima wa nyanya walikuwa wanauliza, Gaju anaenda Mbarara lini?

Kilichomfurahisha Mama si rangi peke yake. Unakijua kifua chake. Kabla ya Gaju, Eliezeri alikuwa anaendesha lori la mfanyabiashara mmoja, gari kuukuu, na lilikuwa linalala pale pale uani chini ya dirisha la Mama, kwa sababu ukiliacha senta, kule madukani, wezi wanafyonza mafuta. Kila alfajiri Eliezeri alipopasha injini joto, moshi mweusi ulijaa chumbani. Mama alikuwa analala amekaa, mgongo ukutani, na kikohozi chake majirani walikisikia. Gaju hakutoa moshi. Ulisikia mngurumo tu, ukitazama nyuma ya bomba huoni kitu. Baada ya wiki chache Mama alianza tena kulala chali, na asubuhi akaanza kuimba tenzi zake za zamani, zile alizokuwa anaimba akikamua.

Halafu taa ikawaka. Ni taa ndogo ya manjano mbele ya usukani, na ikishawaka Gaju anakosa nguvu, anapanda kilima kama mwenye njaa. Eliezeri alimpeleka Mbarara, kwenye gereji moja chini ya kilima cha Kamukuzi, kwa fundi anayeitwa Nkusi. Mimi pia nilikwenda, maana nilikuwa na mali sokoni siku hiyo.

Nkusi ni Mnyankole, mtu mnene, mcheshi, Kiswahili chake ni kile cha biashara cha Waganda. Alituonyesha chini ya gari mkebe mkubwa wa chuma kwenye bomba la moshi, akasema: "Hii ndiyo filta. Inakamata masizi yote, halafu gari ikipata moto mingi barabarani inayachoma yenyewe. Lakini ninyi mnatembea kwa vumbi, polepole, kila senta mnasimama. Haipati moto. Sasa imeziba."

Akatupa njia mbili. Ya kwanza, aifungue, aioshe, aikaushe kwa moto, arudishe. Kazi kubwa, na itaziba tena tusipoipeleka gari kwenye lami ndefu mara kwa mara. Ya pili, akate mkebe, atoe tumbo lake lote, aufunge tena, na aiambie kompyuta ya gari isahau kwamba filta ilikuwako. Alisema gari zinazofanyiwa hivyo ni nyingi sana, na mwenyewe angekata. Nikamwuliza: moshi je? Akacheka kidogo. "Moshi itakuwa, mama. Lakini moshi inabaki nyuma. Wewe unakaa mbele."

Baba, pale ndipo ugomvi ulipoanza. Eliezeri alitaka ikatwe siku ile ile. Alisema gari la mizigo ni la kubeba mizigo, si la kuonyesha usafi. Mimi nikamwambia kwamba kuna mtu anayelala huko nyuma anakosema fundi, na mtu huyo ni mama yetu. Tulirudi Rubondo, tukaliweka neno mbele ya Mama. Yeye alisikiliza, akasema tu kwamba lori ni letu, tusimtie katikati. Basi Eliezeri akanikubalia, kwa shingo upande. Filta ikaoshwa, ikarudishwa.

Miezi iliyofuata ilikuwa mizuri, na ninataka uijue, kwa sababu Mama alikuwa na furaha. Nkusi alikuwa amesema lori litafutiwe lami ya kukimbia likiwa tupu, ili masizi yaungue. Kwa hiyo siku za soko, Eliezeri akishamaliza kushusha mzigo Mbarara, alikuwa anashika barabara ya Ibanda mpaka Bwizibwera na kurudi. Mama akasema safari ya bure haikataliwi, akawa anapanda naye tangu nyumbani. Bwizibwera ndiko watu wanakoleta maziwa kwa pikipiki, madebe yamefungwa kila upande. Mama alikuwa anashuka, anaomba kuonja, anabishana na wachungaji kwa Kinyamulenge nao wanamjibu kwa Kinyankole, wanaelewana nusu. Ng'ombe wa huko wana pembe ndefu za ajabu. Mama alirudi akituambia hao wanafugwa kwa ajili ya pembe, maziwa ni bahati. Alicheka mpaka akashika mbavu, na hakukohoa.

Mvua za mwaka huu zikaja na nguvu. Barabara yetu ikawa tope, lori likawa linatambaa siku nzima kufika Isingiro, na wakati wa kwenda Bwizibwera haukupatikana tena. Taa ikarudi. Mara ya kwanza Gaju alikataa kilima akiwa na nyanya, zikaivia njiani, zikamwagwa. Mara ya pili vile vile. Nyanya zile zilikuwa za wajane wa Rubondo. Eliezeri alinieleza namna walivyomjia uani, bila kelele, wakasimama tu wakimtazama. Mimi nikamwambia awe na subira, aioshe tena. Akasema sawa, atakwenda kwa Nkusi.

Alipotoka huko alinipigia simu akasema imepona. Na kweli, Gaju alipanda vilima kama mwanzo, taa haikuwaka tena kabisa. Jumapili iliyofuata nilisimama kanisani nikatoa ushuhuda. Nikasema Mungu anajali hata vyuma vya watu maskini. Mama alikuwa ameketi pembeni yangu, akaitika Amina.

Kiangazi kilipoingia, kikohozi chake kilirudi. Nilikuwa ninafika Rubondo Jumapili tu baada ya ibada, maana mimi niko Juru na kazi yangu unaijua. Kila nilipomwuliza, alijibu kwamba ni vumbi, na vumbi lilikuwako kweli. Mwaka huu hata majani ya migomba yalikuwa mekundu. Nilimpelekea asali, na tangawizi. Kituo cha afya kilimpa dawa ya kuvuta kwa mdomo, ikamsaidia kidogo, halafu ikawa haimsaidii. Akaacha kuimba. Mwisho wa mwezi wa saba alishindwa kutoka kitandani mpaka mlangoni bila kupumzika katikati, na kituo kikasema apelekwe hospitali Mbarara.

Alikaa huko chini ya wiki moja. Daktari alikuwa msichana mpole. Aliniuliza kama Mama anapika kwa kuni. Nikasema hapana, siku hizi mke wa Eliezeri ndiye anayepika, na jiko liko mbali. Akauliza kama kuna moshi mwingine wowote anapolala. Nikasema hakuna. Nikaongeza, tena kwa majivuno, kwamba hata lori letu halitoi moshi, tumeligharamia kwa ajili yake. Eliezeri alikuwa amesimama upande wa pili wa kitanda. Aliweka chini kikombe cha uji alichokuwa amekishika, akatoka nje, na hakurudi mpaka jioni. Nilidhani ameshindwa kumwona Mama katika hali ile.

Baba, Mama amelala. Mke wako Nyirakamana ametutangulia, siku ya Alhamisi, asubuhi, jua likiwa limeshatoka. Nilikuwa nimemshika mkono. Hakupigana. Alikuwa amechoka kuvuta hewa, akaacha. Tulimzika hapa Nakivale, na kanisa lote lilikuja, na wimbo ulioimbwa ni ule aliokuwa anaupenda. Kaburi lake linatazama upande wa magharibi, upande wa kwetu. Nisamehe kwamba unasikia msiba huu kutoka kwenye karatasi. Kwetu neno kama hili haliandikwi, linaletwa na watu. Appolinaire ndiye watu wetu, mshike mkono kama yuko karibu nawe.

Sasa pumzika kidogo, kisha usome yaliyobaki, kwa maana ndiyo yaliyonifanya niandike marefu hivi.

Wakati wa maziko Eliezeri alisimama mbali, nyuma ya watu wote, hakutupa hata udongo. Siku ya pili alitoweka na lori. Akarudi kwa miguu na kwa pikipiki za watu, bila lori, na hakusema ameliacha wapi. Wakulima wakaanza kuniuliza mimi. Nikaenda Mbarara kwa Nkusi, nikamkuta Gaju pale, ameegeshwa chini ya bati.

Nkusi alinipa pole ya mzee mama, akanifutia kiti kwa kitambaa, nikakaa. Kisha akasema: "Ndugu yako ameniumiza roho. Amekuja hapa anataka nirudishe ile filta. Nimemwambia, sasa narudisha nini? Ile tulikata, tumbo yake nilitupa zamani. Akakaa chini hapo kwa mafuta, akalia. Mwanaume mzima."

Nikamwuliza ilikatwa lini. Akasema ni wakati wa mvua, ile mara ya mwisho Eliezeri alipomletea gari. Nikahesabu kichwani. Ni ile mara aliyonipigia akasema imepona. Ni kabla ya ushuhuda wangu. Nkusi alinitazama usoni, akavua kofia yake. "Mama, kumbe ulikuwa hujui? Mimi nilijua ninyi wote mmekubaliana." Nilikaa kwenye kile kiti mpaka mkewe Nkusi akaniletea maji.

Njiani kurudi nilikuwa ninapanga maneno. Sitakuficha, Baba, yalikuwa maneno ambayo mtu akishayasema kwa ndugu yake hayarudi. Nilifika Rubondo na kumkuta Eliezeri uani, amepiga magoti chini ya dirisha la Mama, ana ndoo na brashi, anasugua ukuta. Ukuta ule ulikuwa na weusi hafifu ambao mimi niliupita kila Jumapili nikidhani umebaki tangu lile gari kuukuu. Alikuwa ameusugua mpaka udongo umebomoka na fito zinaonekana. Vidole vyake vilikuwa vinatoka damu. Hakuinua kichwa. Alisema: "Dada, umetoka kwa Nkusi." Nikasema ndiyo.

Akanieleza yote akiwa pale pale chini. Alisema hakuweza tena kutazama nyuso za wale wajane. Alisema aliikata kwa muda tu, mpaka atakapopata filta nyingine, airudishe na hakuna atakayejua. "Nilisema ni mvua hii tu, dada. Mvua hii tu." Kisha akaniambia jambo ambalo sikulitazamia, na ndilo ninalotaka ulisikie vizuri.

Asubuhi ya kwanza baada ya kukata, alipasha injini joto kama kawaida. Mama akatoka, amejifunga shuka yake. Alizunguka nyuma ya lori, akanyoosha kiganja mbele ya bomba, akakiacha pale kidogo, kisha akakitazama. Kilikuwa cheusi. Akamtazama Eliezeri. Eliezeri anaapa kwamba kama Mama angemwuliza hata neno moja, angekiri papo hapo na kulirudisha lori Mbarara siku hiyo hiyo. Mama hakumwuliza. Alipangusa kiganja kwenye kitenge chake, akasema: "Enda, mwanangu. Watu wa nyanya wanakungoja."

Jioni aliporudi alikuta Mama amesogeza kitanda chake mbali na dirisha, amekiweka kwenye pembe ile yenye giza. Na Mama akamwambia: "Dada yako Kantengwa asijue. Mtagombana, na mimi sina tena nguvu ya kuwapatanisha."

Kwa hiyo alijua, Baba. Miezi yote ile alijua. Aliposema ni vumbi, alijua si vumbi. Alipoitika Amina pembeni yangu kanisani, alijua ninamshukuru Mungu kwa kitu ambacho hakipo. Alitununua sisi wawili kwa pumzi yake, ili tusiachane. Mimi nilidhani ninampigania, kumbe yeye ndiye aliyekuwa anatupigania sisi, kila alfajiri, katika chumba kile.

Yale maneno niliyoyapanga njiani sikuyasema. Si kwa sababu nina moyo mzuri, niliyatafuta nikayakosa. Nilipiga magoti, nikamnyang'anya Eliezeri brashi, nikamfunga vidole kwa kitambaa changu cha kichwani. Tulilia pamoja, kwa sauti, mpaka majirani wakaja wakidhani kuna msiba mwingine. Lakini sitakudanganya kwamba yamekwisha. Kuna siku ninamtazama Eliezeri ninaona ndugu yangu, na kuna siku ninaona bomba la moshi. Daktari hakusema ni lori lililomwua Mama. Alisema mapafu yake yalikuwa yamechoka tangu zamani, na kwamba moshi haumsamehe mtu kama huyo. Tumebaki na maneno hayo, kila mmoja anayageuza peke yake.

Kuhusu Gaju, Eliezeri alitaka auzwe, au asimame pale chini ya bati mpaka aoze. Mimi nimekataa. Nkusi amepata filta nzima kutoka kwenye gari lililopata ajali, na amesema kazi ya kuifunga hatatulipisha. Tumekubaliana irudishwe, na kila siku ya soko lori lipelekwe kwenye lami ndefu, mvua inyeshe isinyeshe. Eliezeri aliniuliza ni ya nini sasa, aliyeihitaji si amekwisha kwenda? Nikamwambia Rubondo nzima kila nyumba ina dirisha.

Neno langu la mwisho ni ombi. Wewe ndiye mzazi tuliyebaki naye, na neno lako kwa Eliezeri litamfuata maisha yake yote, likiwa jema au baya. Najua utasikia hasira. Isikie, ulie, uipeleke mlimani. Lakini usimlaani. Mama hakumlaani, na yeye ndiye aliyekuwa anauvuta ule moshi. Kila nilichokuandikia hapa, Eliezeri mwenyewe ndiye aliyeniambia nikiandike na nisimpunguzie. Mpe Appolinaire neno la kumletea, hata kama ni jina la Eliezeri tu ulitamke mbele ya mashahidi.

Tusalimie shangazi, na wote waliobaki katika kanisa letu. Wasalimie na ng'ombe, kila mmoja kwa jina lake. Jifunike vizuri usiku, baridi ya huko ninaikumbuka. Gatete anakusalimu tena. Wajukuu wako wanakusalimu, na yule mdogo, ambaye hujamwona, ameshajua kutamka jina lako.

Eliezeri hakutuma salamu. Amesema hatakusalimu mpaka wewe umruhusu.

Ni mimi binti yako,
Kantengwa